JINSI CHUMA KINAVYOKINGWA KISILIWE NA ASIDI

Mkulima wa skimu ya Ngerenya, Tezo-Roka, Mtwapa au Magarini hana mali nyingi za chuma, lakini hizo alizo nazo ndizo zinazomlisha. Jembe, panga, shoka, kisu cha mgema na pampu ya kunyunyizia dawa: kimoja kikiharibika, kazi ya shamba husimama, na fedha ambazo zingalilipa karo au deni la shamba huenda dukani kununua kingine.

Hapa pwani kutu haina msimu. Basi wako watu ambao, wakiona jembe limeshika kutu nyekundu, hulimwagia maji ya betri ya gari ili lisafike upesi. Kutu hutoka kweli, lakini makali nayo hutoka, na jembe hubaki na vishimo kama lililotafunwa na mchwa. Hata hivyo viwanda vikubwa husafisha chuma kwa asidi kali kila siku, na chuma chao hakiharibiki. Siri yao ni dawa kidogo inayotiwa ndani ya asidi, ambayo tutaiita kizuizi. Yafaa kila mkulima ajue kizuizi hufanya nini, na kisichoweza kufanya ni nini.

ASIDI HULAJE CHUMA?

Kila kitu kichachu kina asidi. Ndimu, ukwaju, siki na tembo la mnazi lililolala likachacha, vyote vina asidi dhaifu. Maji ya betri ni asidi ya salfa, tena kali, huunguza ngozi na kupofusha macho.

Tia msumari mtupu ndani ya siki na uutazame kwa subira. Utaona mapovu madogo yakipanda. Mapovu hayo ni hewa iitwayo haidrojeni, na ni dalili kwamba chuma kinaliwa.

Mambo mawili hutokea kwa wakati mmoja. Mahali fulani juu ya msumari, chembe za chuma hutoka na kuingia katika siki, nazo huacha nyuma yao umeme kidogo. Mahali pengine juu ya msumari ule ule, asidi huuchukua umeme huo na kugeuka kuwa haidrojeni. Kazi hizi mbili ni kama watu wawili wanaovuta msumeno mmoja wa kupasulia mbao. Mmoja akizuiwa asivute, wa pili naye hawezi kuendelea. Kumbuka mfano huu, maana ndio ufunguo wa habari yote.

KIZUIZI HAKIUI ASIDI

Watu wengi wakisikia habari ya kizuizi hudhani ni kama majivu. Sivyo. Majivu yakitiwa katika siki huiua asidi yenyewe, na siki iliyokufa haiwezi tena kutoa kutu. Kizuizi huiacha asidi na ukali wake. Chenyewe hukimbilia chuma, kikajishikiza juu yake na kukifunika kwa utando mwembamba sana usioonekana kwa macho.

Tazama nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti. Makuti hayazuii mvua kunyesha. Huzuia mvua isifike ukutani. Ndivyo kilivyo kizuizi. Asidi ipo pale pale, lakini haikifikii chuma, na wale wavuta msumeno wawili hukosa mahali pa kusimama.

Vizuizi vingi ni vitu ambavyo ndani yake mna naitrojeni, oksijeni au salfa, kwa sababu vitu hivyo hushikamana na chuma kwa urahisi. Na kwa kuwa kazi yake ni kufunika uso wa chuma tu, kizuizi kidogo hutosha kwa asidi nyingi.

Labda utauliza: mbona kutu yenyewe haikingwi? Kutu si chuma tena. Ni chuma kilichokwisha kuungana na oksijeni na maji, nayo huyeyuka katika asidi bila kuhitaji ule msumeno wa watu wawili. Kwa hiyo kutu hutoka na chuma hubaki.

Nguvu ya kizuizi hupimwa kwa mizani. Tuseme kipande cha chuma kilichowekwa katika asidi tupu kimepungua gramu 10, na cha pili kilicho sawa nacho, katika asidi yenye kizuizi, kimepungua gramu 1. Kizuizi hicho kimeokoa gramu 9 katika kila 10, yaani asilimia 90. Angalia pia kwamba gramu 1 imekwenda. Kizuizi hupunguza mwendo wa kuliwa, hakiukomeshi kabisa.

KAZI YAKE VIWANDANI

Mabati ya nyumba yako yalipitia asidi kabla hayajafika dukani. Chuma kinachotoka motoni huwa na gamba gumu, na gamba hilo lisipoondolewa, rangi na zinki hazishiki. Kwa hiyo katika viwanda vya mabati, kazi ambayo kwetu hufanywa na kampuni ya Mabati Rolling Mills kule Mariakani, chuma hupitishwa kwanza katika asidi. Desturi ya viwanda vya namna hii duniani ni kutia kizuizi katika asidi hiyo, ili iondoe gamba na kukiacha chuma.

Wachimbaji wa mafuta nao walihitaji dawa hii. Katika mwaka 1932, jimbo la Michigan huko Marekani, kampuni za Pure Oil na Dow Chemical zilitia galoni 500 za asidi katika kisima cha mafuta. Mwamba wa huko ni wa chokaa, jamaa ya mawe yetu ya matumbawe. Ukitaka kujua kwa nini walifanya hivyo, kamulia ndimu juu ya jiwe la matumbawe, nawe utaliona likitoa povu. Asidi hupanua njia ndani ya mwamba wa chokaa, na mafuta hupita. Lakini asidi hiyo hiyo ingalikula mabomba ya chuma ya kisima. Ndipo wakatia kizuizi cha aseniki, na mabomba yakapona.

Lakini aseniki ni sumu ya kuua. Baada ya hapo vilitafutwa vizuizi vingine, na hata leo wataalamu wa nchi nyingi wanatafuta vile visivyodhuru watu wala maji.

MITI YA KWETU IMO KATIKA KAZI HII

Wataalamu wamechunguza maji yaliyochemshwa kwa majani ya mwarobaini, nao wameona kwamba hupunguza kuliwa kwa chuma ndani ya asidi. Mafuta ya maganda ya korosho, yale yanayounguza mikono ya wabanguaji, nayo yamejaribiwa kwa kazi hiyo. Huko Malaysia imeonekana kwamba dawa ya gome la mkoko hukinga chuma vile vile. Dawa hiyo huitwa tanini, na ndiyo iliyofanya magome ya mikoko ya pwani yetu yasafirishwe ng'ambo zamani kwa kutengenezea ngozi. Lakini usiende kubambua mikoko ya Mida wala ya Kilifi. Mti uliobambuliwa hufa, na mikoko inalindwa na sheria. Mwarobaini uko uani, na majani yake huchipua tena.

JARIBU MWENYEWE

1. Chukua misumari 20 ya kawaida, isiyopakwa zinki. Isugue kwa msasa hadi ing'ae, kisha uigawe mafungu mawili ya misumari 10. Pima kila fungu kwa mizani midogo ya sonara, au umwombe mwalimu wa sayansi wa shule ya sekondari akupimie.

2. Chemsha majani mabichi ya mwarobaini katika maji, yaache yapoe, kisha yachuje kwa kitambaa safi.

3. Twaa chupa mbili za kioo zenye mdomo mpana. Tia kikombe 1 cha siki katika kila moja. Katika ya kwanza ongeza nusu kikombe cha maji ya mwarobaini, na katika ya pili nusu kikombe cha maji matupu. Usiyasahau hayo maji matupu, ama siki ya chupa moja itakuwa kali kuliko ya pili, na jaribio lako litakudanganya.

4. Tia misumari, funika kwa kitambaa bila kukaza, weka mbali na moto na watoto kwa siku 7. Kisha osha misumari, ikaushe, uipime tena na kulinganisha.

Ukiona faida katika misumari, ndipo ulijaribu jembe la zamani. Usianze na panga lako jipya.

MAMBO YA KUANGALIA

Usitumie maji ya betri kusafisha chombo chochote. Kizuizi cha nyumbani hakikusudiwi kwa asidi kali namna hiyo, na jicho likiungua halinunuliki dukani.

Usitie asidi juu ya bati wala ndoo ya bati. Zinki huliwa upesi kuliko chuma. Kwa sababu hiyo hiyo usiweke tembo, siki, ukwaju wala maji ya ndimu katika ndoo ya bati. Zinki huyeyuka na kuingia katika kinywaji, na wanywaji hutapika na kuumwa tumbo.

Chombo kisiachwe ndani ya siki kikasahaulika. Kutu ikiisha kutoka, kitoe. Kioshe kwa maji yenye majivu, maana sasa kazi ya kusafisha imekwisha na asidi yafaa iuawe. Kisha kikaushe juani na ukipake mafuta siku hiyo hiyo.

Upepo wa chumvi utokao baharini si asidi, na utando wa kizuizi huoshwa na maji. Adui huyo hukingwa kwa mafuta, rangi na mahali pakavu pa kuwekea vyombo. Vyombo vilivyoshika mbolea ya chumvichumvi navyo vioshwe kabla ya kulala, maana mbolea hiyo huvuta maji na kula chuma usiku kucha.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, jembe lililokwisha kushika kutu lisitupwe upesi, wala lisitiwe katika maji makali kwa haraka. Siki, majani ya mwarobaini, majivu na mafuta kidogo, kila kimoja kwa wakati wake, vyaweza kulirudisha shambani likalime mvua nyingine.