Karatasi Zinapokwama Kwenye Fotokopi

Mitihani ikiangukia majira ya mvua, mashine ya fotokopi hukwama na darasa zima husubiri maswali. Bujumbura iko kando ya Ziwa Tanganyika, na hewa ya miezi hiyo ina unyevu mwingi. Karatasi huunyonya, hujikunja na kugandana; rola huvuta mbili badala ya moja.

Ikikwama, tufuate hatua hizi:

1. Tuzime mashine, tusubiri ipoe. Rola zinazoyeyusha wino wa unga huwa na joto kali.

2. Tufungue milango yote, tuvute karatasi polepole kwa mikono miwili, kufuata upande inakokwenda.

3. Ikichanika, tuunganishe vipande. Kinachokosekana ndicho kitakachokwamisha nakala ijayo.

4. Tupepete karatasi kabla ya kuzirudisha, wala tusizidishe alama ya trei.

Kinga ni bora: rimu ibaki ndani ya ganda lake, juu ya rafu, mpaka siku ya kutumika.

Walimu wenzetu, tusiondoke kabla ya kuhesabu nakala. Ukurasa wa maswali uliobaki tumboni mwa mashine ni mtihani uliovuja.