Nyumba Imekwenda, Jina Libaki



Molo ni mji wa baridi na ukungu, juu katika Kaunti ya Nakuru, kando ya reli ya kale iendayo Kisumu. Ni nchi ya viazi, pareto na kondoo, na miongoni mwa wakaazi wake wamo dada zetu wa Pwani waliowafuata waume zao huko. Mmoja wao, ambaye jina lake tumelisitiri kwa ombi lake, ndiye aliyetusukuma kuandika makala haya.

Mumewe alikuwa akisafirisha viazi kwenda Nairobi. Aliiweka rehani hati ya nyumba yao ili anunue lori la pili. Biashara ikayumba, malipo yakasimama, na baada ya miezi mingi ya barua kufungiwa kabatini bila kusomwa, dalali akabisha hodi. Nyumba ikapigwa mnada. Familia ikahamia vyumba viwili vya kukodi, ikijipa moyo kwamba angalau deni limekwisha. Miaka miwili baadaye, mama huyu alikwenda katika chama cha akiba na mikopo kuomba karo ya bintiye. Akaambiwa jina lake limeorodheshwa miongoni mwa wasiolipa.

"Nilidhani nyumba imekwenda na deni lake," alituambia. "Kumbe nyumba ndiyo iliyokwenda, deni likabaki nami."

Mnada haufuti deni

Hapo ndipo wengi hukosea. Fedha za mnada hulipa gharama za uuzaji, kisha deni. Zikizidi, ziada ni haki ya mwenye nyumba. Zikipungua, salio hubaki shingoni mwake, na benki huweza kuendelea kumdai.

Lakini salio hilo nalo lina mpaka. Sheria ya Benki, katika kifungu cha 44A, yasema kuwa tangu mkopo unapoacha kulipwa, riba inayoongezwa haiwezi kupita kiasi cha deni la msingi kilichokuwa hakijalipwa wakati huo. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuiandikia benki barua na kudai hesabu kamili: nyumba iliuzwa kwa bei gani, gharama zilikuwa kiasi gani, na salio limefikiwaje. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 humtaka muuzaji atafute bei bora inayoweza kupatikana kwa haki. Nyumba ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya thamani yake sokoni, huchukuliwa kwamba wajibu huo umevunjwa, hadi benki ithibitishe vingine.

Sahihi mbili, mizigo miwili

Mama huyu alikumbuka kutia sahihi, ila hakujua alitia sahihi ya nini. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila idhini ya mwenzi, na idhini hiyo ni kinga ya mke. Kukubali rehani peke yake hakumfanyi kuwa mwenye deni. Lakini siku ile aliwekewa mezani karatasi ya pili, ya udhamini, naye akaitia sahihi pamoja na ile ya kwanza. Mdhamini hudaiwa kama mkopaji. Dada zetu, tusione haya kuuliza: "Karatasi hii ni ya idhini, au ni ya udhamini?" Na tusitie sahihi kabla ya kupata jibu na nakala.

Njia ya kulisafisha jina

Nchini Kenya, kumbukumbu za wakopaji hutunzwa na mashirika yenye leseni ya Benki Kuu, ambayo watu huyaita CRB: Metropol, TransUnion na Creditinfo. Kila mtu ana haki ya kupata ripoti yake bila malipo mara moja kwa mwaka. Mama yetu alipoipata yake, aliona mambo mawili: salio la nyumba, na mkopo mdogo wa simu ambao alikwisha kuulipa lakini bado ulionekana haujalipwa.

Alianza na lile jepesi. Penye kosa, mtu hulipinga kwa maandishi mbele ya shirika husika, akiambatanisha ushahidi wa malipo. Nalo hulazimika kulichunguza pamoja na aliyelileta. Kosa likithibitika, husahihishwa.

Kisha akalikabili lile zito. Yeye na mumewe walikwenda benki na bajeti ya nyumba mkononi, wakaeleza wanachoweza kutoa kila mwezi, wakaomba sehemu ya riba ipunguzwe. Walipokubaliana, waliomba mapatano yaandikwe. Ahadi ya mdomo ya afisa wa leo haimfungi afisa wa kesho. Deni litakapomalizika, wataomba barua ya kuthibitisha hivyo, na watahakikisha CRB imepewa habari.

Tuseme ukweli: kulipa hakufuti historia mara moja. Habari ya mkopo uliokwama huhifadhiwa kwa miaka mitano baada ya kulipwa. Hata hivyo, "ililipwa" si sawa na "haijalipwa" machoni mwa mkopeshaji, na kila mwezi wa uaminifu huongeza uzito upande wa pili wa mizani. Anayekuahidi kulifuta jina lako kwa siku tatu ukimtumia fedha, mkimbie. Ni mwizi anayewinda wenye dhiki.

Katika kipindi hicho, ni bora kuweka akiba ndogo isiyokatika kuliko kukimbilia mikopo ya simu ili kulipa mikopo mingine.

Kwa ambao dalali hajafika

Barua ya benki isomwe siku ile ile. Sheria ya Ardhi humpa mkopaji ilani ya miezi mitatu arekebishe malipo, kisha ilani ya siku 40 kabla ya kuuza; na kanuni za madalali huongeza ilani ya siku 45. Muda huo ni wa kuomba malipo yapangwe upya, au kuiuza nyumba wenyewe kwa bei njema kwa idhini ya benki. Kuuza kwa hiari kunauma, lakini mara nyingi huacha kitu mkononi.

Amana na huruma

Katika Suratul Baqara tumeagizwa mambo mawili yanayokwenda pamoja: deni liandikwe, na mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wasaa. Miongoni mwa wanaostahiki zaka wamo pia waliolemewa na madeni. Basi jirani aliyepigwa mnada asifanywe hadithi ya barazani. Tumsaidie kusoma barua zake, tumsindikize benki, na tumsitiri.

Dada yetu wa Molo bado analipa. Binti yake yuko shuleni, kwa karo iliyochangwa na ndugu na jirani. Barua zote za benki sasa amezipanga katika faili moja, na yeye na mumewe huzifungua pamoja.

Mwenyezi Mungu awafanyie wepesi wote wenye madeni. Amin.