Kihispania cha Kitabuni na cha Wenyewe

Je, msomaji mpenzi, umewahi kusoma lugha vitabuni miaka mitatu, kisha ukashuka kwa wenyewe usiambulie hata neno? Hayo ndiyo huwapata wanafunzi wa kigeni ambao, katika likizo ya kiangazi, huenda Andalucía, kusini mwa Uhispania, kusomea lahaja na sanaa ya flamenco.

Balaa laanzia kwenye sauti. "Casa" ni nyumba, na "caza" ni uwindaji. Kule Madrid, "z" hutamkwa kama "th" ya thelathini, basi hakuna utata. Mjini Sevilla maneno yote mawili ni "kasa". Nenda vijiji kadhaa vya Cádiz, yote mawili ni "katha"! Isitoshe, "s" ya mwisho huwa "h" au humezwa kabisa. Sasa wingi utaujuaje? Kule Granada wana dawa yao: irabu ya mwisho hutamkwa kwa kupanua kinywa zaidi. Si mchezo.

Wako wanaocheka, eti hicho ni Kihispania kibovu. Wachekaji kama hao hata sisi twawajua. Mwenzetu wa Lamu akisema "mato" badala ya "macho", darasa zima hoi, ilhali malenga wa kale waliandika vivyo hivyo! Na hao wanaocheka Andalucía wasahau kuwa meli za Amerika ziling'oa nanga Sevilla na bandari za jirani. Leo, kuanzia Meksiko hadi Ajentina, watu husema "kasa".

Tuje kwenye flamenco yenyewe. Kuna kuimba, kupiga gita na kucheza, huku makofi yakishika mapigo. Mtindo uitwao soleá una mapigo 12, na mkazo huangukia la 3, 6, 8, 10 na 12. Hebu jaribu bwenini usiku huu uone kama hutapotea njiani!

Walioikuza sana ni Wagitano, waliofika Uhispania karne ya 15. Mwaka 1749 serikali iliamuru wakamatwe kote nchini, wanaume kwa wanawake. Si ajabu nyimbo nyingi zataja jela, njaa na mauti. Wakubwa waliidharau sanaa hii, hata mshairi Federico García Lorca na mtunzi wa muziki Manuel de Falla wakasaidia kuandaa mashindano ya uimbaji Granada mwaka 1922 ili kuiokoa. Mwaka 2010 UNESCO iliitambua kuwa urithi wa binadamu.

Lahaja na ngoma hukutania wapi, basi? Katika jina la mwimbaji. Kwa sarufi ya shuleni angeitwa "cantador", lakini watu wa kusini humeza "d", naye huitwa "cantaor". Wale wazee wa Akademia ya Kifalme, iliyoundwa 1713 kulinda lugha, wameliingiza neno hilo katika kamusi yao vilevile, bila ya "d".