Taa za Kitengela na midahalo yetu ya shule

Muhula uliopita nilialikwa kuwa mmoja wa waamuzi watatu katika mdahalo wa shule moja ya upili mjini Kitengela. Hoja iliyokuwa mbele ya kikao ni ile ambayo kila aliyepitia shule za nchi hii anaijua kama anavyolijua jina lake: kwamba teknolojia imemletea mwanadamu madhara mengi kuliko manufaa. Mimi mwenyewe niliipinga hoja hiyo nikiwa kidato cha pili, nikaiunga mkono mwaka uliofuata kwa ukali ule ule, kwa sababu tu upande niliopangiwa ulikuwa umebadilika.

Vijana wale walijua kusema. Aliyetangulia aliwaamkua mwenyekiti mheshimiwa, waamuzi wasiopendelea na mtunza wakati mwaminifu, kisha akashusha mvua ya maneno: simu zimewapotosha vijana, filamu na miziki ya kigeni imeua mila, akili unde itawaacha wazazi wetu bila kazi. Mpinzani wake akainuka, akampinga kwa jino na ukucha, akazitaja hospitali, tarakilishi na pesa zinazotumwa kwa simu. Hapa mwamuzi mwenzangu alimpunguzia msemaji mmoja alama mbili kwa kusema kompyuta badala ya tarakilishi. Mimi nilimsamehe, maana sijapata kumsikia mtu dukani akiulizia bei ya tarakilishi.

Ndipo msemaji wa tatu wa upinzani akaleta mfano wa nyumbani. Je, si hapa hapa Kitengela ambapo Richard Turere, akiwa mtoto mdogo, alibuni taa za kuwafukuza simba? Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Aliyemfuata kutoka upande wa pili hakubabaika. Simba si wajinga, alisema. Taa zile walikwisha kuzizoea kitambo, na mifugo inaliwa kama kawaida. Ukumbi ukalipuka tena kwa makofi yale yale. Msichana mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono na kuuliza, "Kuna mtu aliyewahi kuhesabu?" Mwenyekiti akamwamuru aketi, kwani zamu ya wasikilizaji ilikuwa haijafika. Ilipofika, kengele ya chakula ilikuwa imelia.

Nataka leo nilijibu swali la msichana yule, maana jibu lipo.

Kwanza kisa chenyewe, kwa ajili ya wasiokijua. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ni ndogo mno: kilomita 117 za mraba tu. Upande wa jiji ina ua; upande wa kusini, ng'ambo ya mto, iko wazi, na wanyama huvuka kuingia nyanda za Kitengela kama walivyofanya tangu zama za mababu. Nyumbu na punda milia wakivuka, simba huwafuata. Asipopata nyumbu, huliona zizi.

Turere alizaliwa katika nyanda hizo, na tangu alipokuwa na umri wa miaka tisa alikuwa amekabidhiwa ulinzi wa mifugo ya babake. Alianza na moto, akagundua kwamba mwanga wa moto uliwasaidia simba kuona vizuri zaidi ndani ya zizi. Akasimamisha sanamu ya mtu. Usiku wa kwanza simba walirudi nyuma, usiku wa pili wakang'amua kwamba yule mtu hasogei, wakaingia. Usiku mmoja alipokuwa akizunguka na tochi, hawakuja. Hapo akapata alichokuwa akikitafuta: simba anauogopa mwanga unaotembea. Kijana huyu, ambaye alikuwa amekwisha kuifumua redio mpya ya mamake ili aone kilichomo ndani, akachukua betri kuukuu ya gari, kisanduku cha indiketa ya pikipiki, swichi, balbu za tochi mbovu na paneli ya sola ya kuchaji betri. Taa zikawa zinamulika kwa zamu, na simba aliyesimama gizani akadhani kuna mtu anayezunguka zizi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Majirani wakamwomba awafungie nao, zikafika nyumba saba. Baadaye alipata ufadhili wa masomo katika shule ya Brookhouse jijini Nairobi, na mwaka 2013 akasimama katika jukwaa la TED huko Long Beach, California, akausimulia ulimwengu.

Tazama, msomaji, namna alivyofika pale. Hakuanza na hoja ya kuunga mkono wala ya kupinga. Alijaribu, akashindwa, akajaribu tena, akashindwa, na kila aliposhindwa alijifunza jambo moja juu ya simba. Hiyo ndiyo sayansi yenyewe, hata kama vifaa vyake viliokotwa kwenye taka.

Lakini kisa kilipovuka bahari kiligeuka hekaya, na hekaya zina mashabiki na maadui kama vilivyo vilabu vya soka. Kuna waliomfanya kijana huyu kuwa ushahidi kwamba Mwafrika hahitaji kufundishwa lolote. Kuna waliosema kwamba balbu inayomulika si uvumbuzi. Kwa miaka kadhaa nimewasikia watu wakibishana juu ya taa hizo katika matatu za barabara ya Namanga, katika vyumba vya walimu na mazishini, na karibu wote walikuwa wakibishana juu ya Turere au juu ya Afrika. Simba walisahauliwa.

Waliohesabu ni watafiti walioongozwa na Francis Lesilau, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2018 katika jarida la PLOS ONE. Waliwahoji wenye maboma 80 yanayoizunguka mbuga ya Nairobi: 43 yaliyokuwa na taa za kumulika na 37 yasiyokuwa nazo. Waliuliza juu ya mashambulizi ya miaka kumi, kuanzia 2007 hadi 2016. Waligundua kwamba maboma yenye taa yalivamiwa mara chache zaidi kuliko yasiyo na taa, na tofauti hiyo haikuwa ya kubahatisha. Kwa hiyo yule kijana aliyedai kwamba simba wamezizoea alipewa makofi ya bure.

Mwenzake pia asifurahi upesi, kwani watafiti hawakuishia hapo. Baada ya taa kufungwa, mashambulizi yalianza kutokea mbali zaidi na mpaka wa mbuga, kuelekea maboma ambayo bado hayakuwa na taa. Na kadiri taa zilivyoongezeka, mashambulizi yalianza kuhama kutoka usiku hadi mchana. Simba hakuacha kula. Alibadilisha anwani na saa.

Ukiyasoma matokeo hayo kwa makini, utaona kwamba mdahalo wote niliouamua ulikosa mahali pa kusimama. Swali la iwapo taa ni nzuri au mbaya linatoweka, na mahali pake yanakuja maswali magumu zaidi. Kama taa yangu inampeleka simba kwa jirani ambaye hana fedha za betri, je, nimetatua tatizo au nimelihamisha? Kama nyumba zote zitafungwa taa, simba ataelekea wapi? Na mchana, mifugo inapokuwa malishoni mbali na taa zote, anayesimama kati ya simba na mbuzi ni nani? Haya ni maswali ya hisabati, ya biolojia, ya uchumi na ya maadili kwa pamoja, na yote yako umbali wa kutembea kutoka darasani.

Mwanafunzi mkali anaweza hata kuwahoji watafiti wenyewe. Kumbukumbu ya mfugaji juu ya jambo la miaka tisa iliyopita inaaminika kiasi gani? Je, waliofunga taa hawakuwa ndio waliokuwa wakisumbuliwa zaidi tangu mwanzo, na kama ndivyo, hilo linaifanya nguvu ya taa ionekane ndogo au kubwa kuliko ilivyo? Mwalimu atakayesikia swali la namna hiyo kutoka kidato cha tatu na aende nyumbani akalale vizuri.

Nisije nikaonekana kana kwamba nawalaumu watoto, hebu tujikumbushe sisi watu wazima. Mwezi wa Juni mwaka 2012 simba sita waliuawa na wakazi wa Ilkeek-Lemedung'i, Kitengela, baada ya kuvamia mbuzi usiku. Tarehe 30 Machi 2016 simba aliyejulikana kwa jina la Mohawk, ambaye alikuwa ametoka mbugani, alipigwa risasi na askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori huko Isinya, kaunti hii hii ya Kajiado, baada ya kumjeruhi mtu. Nchi nzima iligawanyika. Walioketi Nairobi wakiwa na simu mikononi walimlilia Mohawk kama ndugu. Wenye mifugo waliuliza ni lini mtu aliwahi kuwalilia ng'ombe wao. Kila upande ulikuwa na uchungu wa kweli. Ila katika kelele hizo, ni wachache waliotaja ardhi. Nyanda za Kitengela zilikatwakatwa viwanja, nyua zikasimama, nyumba na machimbo ya mawe yakashika njia za nyumbu. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye mashamba dola 4 za Marekani kwa ekari kila mwaka ili wasiyazungushie ua wala kuyauza. Je, dola nne zilitosha kushindana na bei ya kiwanja? Hilo nalo linahesabika, na lingemfaa simba kuliko machozi.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa vipakatalishi. Mwaka 2013 taifa lilibishana usiku na mchana juu ya ahadi ya kumpa kila mtoto wa darasa la kwanza kipakatalishi. Wapo waliosema tutaipita dunia, wapo waliosema watoto watavitumia kama sinia. Kuanzia mwaka 2016 vikaja vishikwambi badala yake. Katika mabishano yote niliyoyasikiliza, na niliyasikiliza mengi kwa kuwa ni kazi yangu, sikumsikia msemaji aliyependekeza kwamba shule kumi za Bissil zipewe, kumi zisipewe kwanza, kisha baada ya mwaka tuone watoto wa wapi wanasoma aya moja vizuri zaidi.

Najua mwalimu wa lugha atanijibu. Atasema kwamba mdahalo umewekwa ili kumfunza mtoto ufasaha, ujasiri na kupanga mawazo. Ushahidi ni kazi ya maabara. Naliheshimu jibu hilo, kwani mimi mwenyewe nala mkate wangu kwa ufasaha. Lakini ufasaha uliotengwa na ushahidi ndio huo tunaousikia katika mikutano ya kampeni, na waliokwenda kule walianza kwetu, katika kumbi zetu, wakipigiwa makofi na sisi. Zaidi ya hayo, tazama kinyume chake: mfugaji wa Kajiado anayeidai serikali fidia ya ng'ombe aliyeliwa, chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, haambiwi atoe hotuba. Huulizwa mzoga uko wapi, nyayo ziko wapi, nani aliona. Madai yake yapimwe kwa ushahidi, na ya mwanawe aliye shuleni yapimwe kwa sauti?

Sipendekezi midahalo ifutwe. Napendekeza hoja zibadilishwe, na wasemaji wapewe majuma mawili badala ya jioni moja. Shule ya Kitengela na ijadili kwamba taa zimewahamisha simba wala hazijawazuia. Shule ya Magadi, iliyo karibu na Olorgesailie, ijadili jambo la mawe yaliyochongwa pale zamani za kale. Shule ya Ngong ijadili simu za wanafunzi baada ya kuwauliza wanafunzi hamsini, kwa siri, wanazitumia saa ngapi. Na kila anayesema "watu wengi" aulizwe na mwenyekiti pale pale: wangapi?

Siku ile upinzani ulishinda kwa alama tatu. Karatasi tuliyopewa ilikuwa na nafasi ya ufasaha, ya mkao, ya mtiririko na ya ushawishi; ya ushahidi haikuwamo. Nilipokuwa nikisubiri matatu ya kurudi mjini, yule msichana alinijia akaniamkua. Nilimuuliza kwa nini alitaka kujua idadi.

"Mwalimu," alisema, "kwetu tulifunga taa nikiwa darasa la sita. Usiku tunalala. Lakini siku hizi wanakuja saa nane mchana, na mchana anayechunga ni ndugu yangu mdogo. Muhula huu hajaenda shule hata wiki mbili."

Hayo ndiyo aliyotaka kuwaambia wenzake alipoamriwa aketi.