SHAHADA ANAYO, UALIMU JE?

Katika familia nyingi za Tanzania yumo kijana aliyerudi nyumbani na shahada ya chuo kikuu, iwe ya kemia, ya jiografia au ya lugha, lakini kazi hajaipata. Wazee hukaa wakashauriana, na mara nyingi shauri hukatwa upesi: "Basi na asomee ualimu, ni mwaka mmoja tu." Neno hilo "tu" linastahili kuangaliwa vizuri, kwa maana nyuma yake wamo watoto wa watu wengine.

Masomo yanayokusudiwa hapa huitwa Stashahada ya Uzamili ya Elimu. Hutolewa kwa mtu ambaye tayari ana shahada isiyo ya ualimu, na kwa kawaida huchukua mwaka mmoja kwa anayesoma muda wote. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huyatoa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, nacho huyatoa kwa wale wasioweza kuacha kazi wala familia zao. Matangazo ya ajira za walimu wa sekondari serikalini yamekuwa yakiwataja wenye stashahada hiyo pamoja na wale waliosomea shahada ya ualimu tangu mwanzo.

Njia hiyo si ngeni katika Afrika Mashariki. Kuanzia mwaka 1961, vijana wa Marekani na Uingereza wenye shahada waliletwa kufundisha katika sekondari za Tanganyika, Kenya na Uganda, na wale ambao hawakuwa na mafunzo ya ualimu walipitia kwanza Makerere kusomea Stashahada ya Elimu. Mwalimu Julius Nyerere yeye aliifuata njia kinyume: alisomea ualimu Makerere kati ya mwaka 1943 na 1945, akafundisha Tabora, ndipo akaenda Edinburgh kutafuta shahada aliyoipata mwaka 1952. Ama shahada itangulie ama ifuate, mafunzo ya ualimu yalihesabiwa kuwa jambo la pekee linalosomewa.

Je, katika mwaka huo husomwa nini? Mwanafunzi husoma saikolojia ya elimu, apate kuelewa jinsi mtoto anavyojifunza na kwa nini husahau. Husoma falsafa ya elimu na mitaala. Hufundishwa kutayarisha azimio la kazi na andalio la somo, kutengeneza zana za kufundishia kwa vitu vinavyopatikana mahali alipo, na kutunga mtihani unaopima kile kilichofundishwa. Kisha hupelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, naye mkufunzi huketi nyuma ya darasa akimwangalia na kuandika. Huko England jambo hilo limetiliwa mkazo sana, hata mwanafunzi wa mwaka kama huo hutakiwa kufanya mazoezi katika shule mbili au zaidi.

Tumfikirie kijana mwenye shahada nzuri ya kemia anayeingia kidato cha kwanza. Mbele yake wameketi watoto waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na sasa wanaanza kusomeshwa kwa Kiingereza. Anaeleza jambo kwa usahihi kabisa, anauliza kama wameelewa, nao wanaitikia kwa pamoja, "Ndiyo!" Asiyefunzwa huridhika na itikio hilo, akaendelea na sura inayofuata. Aliyefunzwa hulitilia shaka. Huuliza swali jingine kwa njia nyingine, humtazama mtoto wa kiti cha nyuma asiyefumbua kinywa, na ikibidi hurudi alikotoka. Maarifa ya kemia ya vijana hao wawili ni sawasawa, lakini madarasa yao hayatafanana mwisho wa mwaka.

Taifa letu limekwisha kuonja taabu ya kufupisha njia. Katikati ya miaka ya 2000, shule za sekondari za kata zilipoongezeka kwa kasi, vijana waliomaliza kidato cha sita walipelekwa kufundisha baada ya mafunzo ya wiki chache, na wananchi wakawabandika jina la "voda fasta". Wengi wao walijitahidi sana, na wako waliojiendeleza wakawa walimu hodari. Lakini walibebeshwa mzigo kabla ya kuoneshwa namna ya kuutwika, na watoto waliokuwa madarasani mwao hawakupewa nafasi ya kuurudia mwaka ule.

Basi mzazi anayefikiria kumlipia mwanawe karo na atazame mambo matatu. Kwanza, je, shahada ya kijana ina somo linalofundishwa sekondari? Ajira hutangazwa kwa masomo, na aliyesomea usimamizi wa biashara au uhusiano wa umma anaweza kumaliza stashahada akakosa somo la kufundishia. Pili, je, chuo na masomo yenyewe vinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania? Tatu, ajira haina ahadi. Walimu wenye sifa wanaosubiri nafasi ni wengi, hasa wa masomo ya sanaa, ingawa shule nyingi bado zinalilia walimu wa hisabati na sayansi.

Liko na la nne, ambalo halimo katika fomu yoyote: kijana mwenyewe aulizwe kama anapenda kukaa na watoto. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwalimu tunayemsifu kwa sababu somo lake hueleweka bila taabu aliundwa hivyo kwa mafunzo, kwa kuangaliwa na kwa kusahihishwa. Atakayekubali kuundwa hivyo, mwaka mmoja hautamwonekea mrefu. Ambaye anatafuta cheti cha kumpitisha mlangoni tu, ni afadhali fedha za familia zitumike kwa jambo jingine.