Vitabu Vilivyonikesha Mwaka Huu

Mara nyingi akina mama wenzangu huniuliza muda wa kusoma vitabu naupata wapi, nao wanajua kazi za nyumbani zilivyo. Jibu langu ni fupi: maharage hayaivi upesi. Mtu akishabandika sufuria na mkaa ukashika, ana saa nzima mkononi, na saa nzima ni kurasa ishirini. Usiku nako, watoto wakishalala na baba watoto akiwa anasikiliza taarifa ya habari, ipo nusu saa nyingine. Kwa mwendo huo nimemaliza vitabu vinne tangu Pasaka, na cha tano nimekianza.

Sikuvichagua kwa mpango. Kimoja nilikiazima, kimoja nilikikuta kwenye meza ya vitabu vilivyotumika, pale wanapouza kwa bei ya kilo moja ya sukari, na vingine nilipewa. Lakini nilipofika cha pili niliona kwamba vinaniuliza swali moja: mzazi afanye nini siku anapopata habari ya binti yake ambayo hakutaka kuisikia? Mimi nina mabinti wawili, na mkubwa yuko kidato cha tatu. Kwa hiyo swali lenyewe si la vitabuni tu.

Rosa na fimbo ya baba

Nianze na kile kilichonisumbua kuliko vyote, Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi. Kilitoka mwaka 1971, na wengi wetu tulikisikia kwa sifa mbaya kabla ya kukiona, maana kuna wakati kilikatazwa mashuleni. Tuliambiwa ni kitabu kichafu. Kwangu kiliingia nyumbani kwa sababu binti yangu mkubwa aliniambia wenzake wanakizungumza, naye anataka kukisoma. Nilimwambia anipe siku chache nikisome kwanza mimi.

Kezilahabi, aliyefariki Januari 2020, alizaliwa Namagondo, kisiwani Ukerewe, mwaka 1944, na hadithi yake ameiweka huko huko kwao. Rosa ni binti wa kwanza wa Zakaria na Regina. Zakaria ni mlevi. Regina ni mama mchapakazi, mvumilivu, anayepigwa na kunyamaza. Siku moja Rosa anapata barua kutoka kwa mvulana aitwaye Charles. Barua inaangukia mikononi mwa baba, na kinachofuata ni kipigo. Zakaria haulizi na wala hasikilizi. Anapiga, naye anaamini kabisa kwamba hapo analinda heshima ya nyumba yake.

Rosa anakwenda shule ya bweni akiwa na hofu hiyo moyoni. Mwanzoni anawakimbia wavulana hata anachekwa na wenzake. Halafu, akiwa mbali na fimbo ya baba, hana kitu kingine cha kumshika. Mambo yanayofuata ndiyo yaliyofanya kitabu kiitwe kichafu: wanaume, mimba zilizotolewa, na wakubwa waliopaswa kumlea wanaomtumia. Mwisho, mwanamume aliyetaka kumwoa anamkataa kwa sababu si bikira, na Rosa anajiua.

Nilikisoma kwa siku tatu na nililala vibaya. Uchafu wake nauona, lakini ni uchafu wa jeraha lililofunuliwa ili lioshwe. Mwandishi hamsifu mtu yeyote kwa dhambi yake. Hata jina alilompa binti huyu, ambalo kwenye Litania ni sifa ya Bikira Maria, linamwuma msomaji kila linapotajwa. Lawama yangu kwake ni nyingine. Naona amemkabidhi Regina uvumilivu mwingi mno, kana kwamba mama hana mdomo. Na vifo vya mwishoni vimerundikana hata machozi yanakauka kabla ya wakati.

Nilimpa binti yangu kitabu. Najua wapo mama watakaosema nimekosea. Lakini mtoto wa kidato cha tatu ameshasikia mambo hayo yote, tena kwa watu wasiomtakia mema. Alipomaliza hakuzungumzia yale ambayo sisi wakubwa tunayaogopa. Aliniuliza, "Mama, mbona Regina analia tu?" Nilimjibu kwamba Regina naye alikuwa akipigwa, na mtu anayepigwa hupoteza sauti yake. Tulizungumza hadi chai ikapoa. Kwa miaka miwili nilikuwa nikitafuta mlango wa kuingilia mazungumzo hayo.

Barua kutoka Senegali

Kitabu cha pili kimesomwa na nyumba nne za jumuiya yetu, na sasa jalada lake limeshikiliwa kwa gundi. Ni Barua Ndefu Kama Hii cha Mariama Bâ wa Senegali, ambacho Clement Maganga alikitafsiri kwa Kiswahili. Bâ alikiandika kwa Kifaransa, kikatoka mwaka 1979. Mwaka 1980 kikawa kitabu cha kwanza kupata tuzo ya Noma ya vitabu vya Afrika, na mwaka uliofuata mwandishi akafariki. Alikuwa mwalimu na mama wa watoto tisa, aliyeachana na mumewe. Nadhani ndiyo maana hakuna ukurasa unaonuka uongo.

Mwenzetu mmoja alisita kukichukua. Alisema, hao ni Waislamu, na mambo ya mitala yanatuhusu nini sisi? Nilimwomba asome kurasa thelathini tu kisha anirudishie. Alikaa nacho mwezi mzima.

Anayeandika barua hiyo ni Ramatoulaye, mwalimu, mjane mpya aliye ndani ya eda ya miezi minne na siku kumi. Anamwandikia rafiki yake wa tangu utotoni, Aissatou. Mumewe Modou, waliyezaa naye watoto kumi na wawili, alikuwa amemwacha bila kumwacha: alioa Binetou, msichana aliyekuwa rafiki wa binti yao mkubwa, akahamia kwake moja kwa moja. Mke wa kwanza hakuambiwa na mumewe. Aliletewa habari na wageni waliokuja kumtembelea siku ya harusi yenyewe, Modou mwenyewe akiwa hayupo. Mama mwenzangu, niliposoma hapo ilinibidi nifunge kitabu nikakune nazi.

Aissatou, mpokeaji wa barua, yalimpata kama hayo, lakini yeye aliondoka na watoto wake. Alisoma, akapata kazi ya ukalimani ubalozini Marekani. Ramatoulaye alibaki. Na hapa ndipo ninapompendea Mariama Bâ: hamcheki aliyebaki wala hamwinui juu aliyeondoka. Katika jumuiya yetu tuligawanyika vikali. Wengine walimwona Ramatoulaye mjinga. Mimi nasema mwanamke anayebaki na watoto kumi na wawili, anakwenda kununua tikiti za sinema na kuketi peke yake huku watu wakimtazama, anajifunza kulipa bili alizokuwa akilipa mume, huyo si mjinga. Na shemeji yake Tamsir anapokuja kumtaka awe mke wake, kabla eda haijaisha, majibu anayopewa yanatosha kwa miaka thelathini ya kunyamaza.

Lakini nilisema swali lilikuwa juu ya mabinti. Karibu na mwisho wa kitabu, Ramatoulaye anagundua kwamba binti yake, wa jina lile lile la Aissatou, ana mimba ya mwanafunzi wa chuo kikuu. Jirani yake Farmata ndiye aliyeiona kwanza, naye anangoja vilio na laana. Ramatoulaye anakasirika. Mwandishi hafichi hasira yake, na aibu anaiona mbele yake. Kisha anamkumbatia binti yake. Anasema na kijana aliyempa mimba, na baadaye anawaita binti zake wadogo na kuzungumza nao mambo ya mwili, kwa kigugumizi, maana mama yake yeye hakuzungumza naye hivyo.

Nilimweka Zakaria upande mmoja na Ramatoulaye upande wa pili. Yule alipata barua tu, na huyu alipata mimba. Wala Ramatoulaye si mlegevu. Alishawahi kuwafumania mabinti watatu wakivuta sigara, akajiuliza kama amewaachia mno. Anapanga sheria, anabadili sheria. Huo ndio ulezi ninaoujua mimi, wa kupapasa gizani.

Kuna jambo jingine hapo lililotugusa. Binti mwenye mimba anaogopa kufukuzwa shule, ilhali kijana hapotezi hata siku moja ya masomo. Wasichana wetu wa Tanzania wameishi na jambo hilo hilo kwa miaka mingi, hadi Novemba 2021 serikali iliporuhusu waliojifungua warudi darasani. Mama mmoja katika kundi letu alilia waziwazi tulipofika hapo. Hakuna aliyemwuliza sababu, na tulijua.

Viwili vya Kiingereza

Hivi nitavipitia kwa haraka zaidi. Coming to Birth cha Marjorie Oludhe Macgoye kilitoka mwaka 1986, na Kiingereza chake hakimshindi aliyemaliza sekondari. Macgoye alizaliwa Uingereza mwaka 1928. Alikuja Kenya mwaka 1954 kama mmisionari wa kuuza vitabu, akaolewa na Mjaluo, akabaki hadi kufa kwake mwaka 2015. Paulina wake ana miaka kumi na sita anaposhuka garimoshi Nairobi mwaka 1956 kumfuata mumewe Martin, akiwa mjamzito. Mimba inatoka. Akirudi kutoka hospitali anapotea njia katika mji asioujua, na anapofika nyumbani hatimaye, mume anampiga akidhani alikuwa na mwanamume mwingine. Ndoa hiyo inapita mahali pabaya kwa miaka mingi, na mtoto ambaye Paulina anampata nje ya ndoa anauawa kwa risasi katika vurugu za Kisumu za mwaka 1969. Bado mwisho wake una mwanga, na ni mwanga wa kuaminika kwa sababu hauji kwa siku moja. Paulina anakua kwanza. Anajifunza kazi, anapata mshahara, anapata maneno, na ndipo nyumba inapata nafasi ya kuponywa. Wale wanaotaka hadithi ya ndoa yenye malaika na shetani wasikisumbukie. Martin ana makosa mengi, nami sikuweza kumchukia.

Kingine ni Unbowed, maisha ya Wangari Maathai aliyoyaandika mwenyewe, kilichotoka mwaka 2006, miaka miwili baada ya kupata Tuzo ya Nobeli ya Amani. Sura za siasa nilizisoma kwa heshima, na nyingine, nikiri, kwa usingizi. Lakini mwanzoni kuna jambo dogo ambalo nimelisimulia kila mahali. Wangari hakuwa amepelekwa shule. Kaka yake Nderitu, mtoto tu, alimwuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama yule, ambaye hakusoma, angeweza kumnyamazisha, maana kazi za msichana nyumbani zilikuwa nyingi. Aliona hakuna sababu ya kumzuia, akamruhusu. Shahada ya uzamivu ya mwaka 1971, mamilioni ya miti, na Nobeli yenyewe, vyote vilipita kwenye jibu hilo la mama mmoja wa kijijini Nyeri. Na tangu nisome hapo, mwanangu wa kiume akiniuliza jambo la dada zake, naweka mwiko chini nimsikilize.

Baba mwingine

Nisije nikaonekana nimewaonea akina baba kwa ajili ya Zakaria. Wiki iliyopita nilirudia kurasa za Shaaban Robert katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Mkewe Amina alipofariki, alibaki na watoto, naye akawaandikia wasia kwa tenzi: Utenzi wa Adili kwa kijana wake, na Utenzi wa Hati kwa binti yake Mwanjaa. Baadhi ya mashauri yake juu ya mwanamke na mumewe siku hizi yanatukwaza, na binti yangu alipinga beti kadhaa kwa sauti. Lakini fikiri, mama mwenzangu: baba mjane, mtumishi wa serikali, anaketi na kutafuta vina ili binti yake asiingie duniani mikono mitupu. Nimemwomba baba watoto awasomee mabinti utenzi huo Jumapili jioni. Amesema atafanya hivyo, ila atauruka ubeti anaosema unamhusu yeye.

Kile cha tano nilichokianza ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar, aliyepata Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Mwaka uliofuata Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa Kiswahili kitamu sana. Safari hii si binti, ni kijana, Yusuf, wa miaka kumi na miwili. Baba yake anadaiwa na tajiri Aziz, ambaye mtoto amezoeshwa kumwita ami. Siku moja anaambiwa atasafiri naye kwa garimoshi. Haambiwi kwamba yeye mwenyewe ndiye rehani. Nimefika mahali ambapo mtoto mwenzake, Khalil, anamweleza ukweli ambao wazazi wake hawakumwambia. Mwenye nakala anaitaka Ijumaa, na bado nina zaidi ya nusu ya kitabu.