Huria si Bure: Juu ya Gharama na Ukuaji wa Mitandao ya Kijamii Isiyo na Kitovu Kimoja

0. Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita, wanafunzi wa kundi letu la mazoezi ya Kiswahili walifungua ukurasa katika mmojawapo wa mitandao mikubwa ya kijamii. Kwa muda wa miaka mitatu walikusanya humo misemo, vitendawili na masimulizi waliyoyasikia kwa wazee wa mitaa yao, wakiyaandika na kuyajadili. Asubuhi moja ukurasa huo ulikutwa umefungwa. Tuliandika mara mbili kuuliza sababu, wala hatukujibiwa. Hapakuwa na ofisi ya kuendea, wala mtu wa kumwita kwa jina. Tulikuwa tumeweka mali yetu katika nyumba ya wengine, na mwenye nyumba alikuwa amefunga mlango.

Tangu siku hiyo tumesikia mara nyingi kwamba iko mitandao ya namna nyingine, isiyomilikiwa na kampuni moja, ambayo mtu au chuo chaweza kujiwekea chake. Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu juu yake: jinsi inavyofanya kazi, nani anayeilipia, na kwa nini hukua kwa shida. Hatusemi kama mafundi wa kompyuta, bali kama watu wa lugha ambao kazi yao sasa inategemea vyombo hivyo.

1. Maneno na maana zake

Yafaa kuanza na maneno, kwa sababu kosa kubwa juu ya jambo hili ni kosa la maneno. Programu ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi, na ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma, kuyabadili na kuyagawa, huitwa kwa Kiswahili programu huria. Neno hili lina shina moja na huru. Lakini watu wengi, wakisikia huria, huelewa bure. Na neno bure lina sura mbili: ni kitu kisicholipiwa, na tena ni kitu kisicho na faida, kama tusemapo kwamba fulani amejisumbua bure. Programu huria si bure kwa maana hizo zote mbili. Ina faida, na iko gharama ambayo mtu fulani huilipa, ijapokuwa msomaji hamwoni mtu huyo.

Neno la pili ni itifaki. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni mapatano. Katika kompyuta, itifaki ni mapatano ya jinsi mashine mbili zitakavyozungumza. Neno letu hapa limebeba maana kamili, kwani mitandao tunayoieleza haishikwi pamoja na mwenye mali mmoja, bali na mapatano.

2. Jinsi inavyofanya kazi

Mfano ulio karibu nasi ni barua pepe. Mwalimu mwenye anwani ya chuo humwandikia ndugu mwenye anwani ya kampuni fulani, na barua hufika, ingawa seva hizo mbili zina wenyewe tofauti. Hakuna anayemiliki barua pepe yote. Kinyume chake, mtu aliye katika mtandao mkubwa wa kampuni moja hawezi kwa kawaida kumfuata mtu aliye katika mtandao wa kampuni nyingine.

Mitandao isiyo na kitovu kimoja hufuata njia ya barua pepe. Itifaki yake inayojulikana zaidi, ActivityPub, ilipitishwa rasmi na shirika la viwango vya wavuti, W3C, mnamo Januari 2018. Programu inayoitumia kwa wingi ni Mastodon, iliyotolewa mwaka 2016 na Eugen Rochko, kijana aliyesoma sayansi ya kompyuta nchini Ujerumani. Yeyote mwenye seva aweza kuiweka humo, akaandika sheria za nyumba yake, akapokea wageni, na wageni hao wakazungumza na watu wa maelfu ya seva nyingine. Seva ikiwa na tabia mbaya, nyingine huweza kukata uhusiano nayo.

Uhuru huo hauchagui watu. Kwa kuwa maandishi ya Mastodon yako wazi, mtandao wa Truth Social wa Rais wa zamani na wa sasa wa Marekani, Donald Trump, ulijengwa juu yake, na mwaka 2021 Rochko alilazimika kuudai utimize sharti la leseni, yaani kuyaweka wazi mabadiliko yake. Mwenye kutoa programu huria hutoa hata kwa asiowapenda.

3. Gharama ni zipi?

Gharama ya kwanza ni mashine: kukodi seva, kulipia nafasi ya kuhifadhi na njia ya intaneti. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Mtumiaji wa seva moja akimfuata mtu wa seva nyingine, seva yake hupokea nakala ya maandishi ya mtu huyo, na kwa kawaida huhifadhi picha zake pia kwa muda. Kwa hiyo seva ndogo hulipia wageni wake, na tena hulipia maneno ya wale ambao wageni wake huwasikiliza. Jirani akikua, nawe unatozwa.

Gharama ya pili ni akili: wale wanaoandika programu, kuziba nyufa zake na kuilinda na wezi. Gharama ya tatu, na ndiyo isiyoandikwa katika hesabu yoyote, ni uangalizi. Lazima awepo mtu wa kusoma malalamiko, kuondoa matusi na kuamua ugomvi, hata usiku. Katika seva nyingi mtu huyo hufanya kazi hiyo kwa kujitolea. Seva nyingi hufungwa si kwa kukosa fedha tu, bali kwa sababu mwangalizi wake amechoka.

Kampuni kubwa hulipia haya yote kwa matangazo ya biashara: huuza macho ya watumiaji kwa wenye bidhaa. Mastodon na wenzake wameikataa njia hiyo. Basi, watoe wapi?

4. Njia za kupata fedha

4.1. Michango ya watumiaji. Mfano wa kwanza mkubwa ulikuwa Diaspora. Mwaka 2010 wanafunzi wanne wa New York University waliomba dola 10,000 kwa umma ili kujenga mtandao wa namna hii, wakapewa karibu dola 200,000 na watu zaidi ya 6,000. Hata hivyo, mwaka 2012 waanzilishi waliukabidhi mradi kwa jumuiya ya watu wa kujitolea, na haukupata kamwe umati uliotarajiwa. Fedha za siku moja hujenga nyumba. Hazilipi fundi wa kila mwaka.

Rochko alichukua njia ya polepole: michango midogo ya kila mwezi. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa mfanyakazi pekee wa kudumu. Mwaka 2021 aliunda kampuni isiyo ya faida nchini Ujerumani. Elon Musk aliponunua Twitter kwa dola bilioni 44, mnamo Oktoba 2022, watu walikimbilia Mastodon: watumiaji wa kila mwezi walipanda kutoka laki tatu hivi hadi milioni 2.5 katika muda wa wiki chache, na michango ya mwaka huo ikapita euro 300,000. Rochko alieleza kwamba alikataa zaidi ya matoleo matano ya wawekezaji. Kisha wengi wa wakimbizi wale waliondoka, na michango haikuendelea kupanda kwa kasi ile.

Msomaji wa Kongo ataona tofauti baina ya mchango wa matanga na likelemba. Kwenye matanga kila mtu hutoa, kwa kuwa msiba unaonekana. Katika likelemba kila mtu hutoa mwezi hadi mwezi, msiba uwepo usiwepo, kwa kuwa zamu yake itafika. Mitandao huria hupewa fedha kwa desturi ya matanga, nayo huhitaji kulishwa kwa desturi ya likelemba.

4.2. Ruzuku. Taasisi ya NLnet ya Uholanzi, kwa fedha zinazotoka kwa kiasi kikubwa katika Tume ya Ulaya, hutoa ruzuku ndogondogo, kwa kawaida kati ya euro 5,000 na 50,000, kwa kazi iliyobainishwa. Nchini Ufaransa chama cha Framasoft, kinachoishi zaidi kwa michango ya watu, kimejenga PeerTube, programu ya video isiyo na kitovu kimoja, iliyofikia toleo lake la kwanza kamili mwaka 2018. Ruzuku hujenga kitu kipya vizuri. Mara chache hulipia kukitunza kile cha zamani.

4.3. Serikali na vyuo. Mamlaka ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya ilifungua seva ya Mastodon kwa ajili ya asasi za Umoja huo mnamo Aprili 2022. Mwezi Mei 2024 ilifungwa, kwa kuwa haikupatikana asasi nyingine ya kuipokea. Uholanzi ilitoa mfano wa kutia moyo zaidi: mwaka 2023 SURF, ushirika wa vyuo vya nchi hiyo katika mambo ya kompyuta, ulianza jaribio la seva ya pamoja kwa walimu, watafiti na wanafunzi. Hapo chuo kimoja hakibebi mzigo wote peke yake.

4.4. Wawekezaji. Bluesky, uliobuniwa ndani ya Twitter mwaka 2019 na kuwa kampuni ya pekee yake mwaka 2021, ulichukua njia hii: dola milioni 8 mwaka 2023, na milioni 15 mwaka 2024. Ulikua upesi. Mahakama Kuu ya Brazil ilipofunga X mwishoni mwa Agosti 2024, zaidi ya watu milioni 2 walijiunga katika siku chache, na Novemba mwaka huo walipita milioni 20. Lakini walio wengi mno hukaa katika seva za kampuni yenyewe. Itifaki ni wazi, mlango uko. Watu bado wako katika nyumba moja. Na mwekezaji, kwa kawaida, hurudi siku moja kuuliza faida yake.

5. Kwa nini hukua kwa shida?

Sababu ya kwanza ni ile ya soko: mtu huenda palipo watu. Ya pili ni kuchagua. Mgeni huulizwa seva ipi anaitaka, kabla hajajua seva ni nini, naye hurudi nyuma. Mwaka 2023 Mastodon ilianza kumpendekezea kila mgeni seva yake kubwa. Njia ikawa nyepesi, lakini kila anayeingia kwa mlango huo huongeza uzito wa kitovu ambacho mtandao ulijengwa kukikwepa. Hili si kosa la mtu. Ni mvutano ulio ndani ya jambo lenyewe.

Sababu ya tatu ni utawala. Mwaka 2024 mamlaka ya kodi ya Ujerumani iliiondolea kampuni ya Mastodon hadhi ya kutokuwa ya faida. Januari 2025 Rochko alitangaza kwamba mali ya mradi ingehamishiwa kwa shirika jipya la Ulaya lisilo la faida, na Novemba mwaka huo aliachia uongozi. Mtandao usio na kitovu ulikuwa umemtegemea mtu mmoja kwa miaka tisa.

6. Hitimisho

Tusitie chumvi. Intaneti ilipokatwa nchini mwetu kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, kwa siku ishirini hivi, mtandao wenye kitovu na usio na kitovu vilikuwa sawa kwa aliye nyumbani akishika simu iliyonyamaza. Mitandao hii haijibu swali hilo. Hujibu swali jingine: nani ana haki ya kufuta kumbukumbu zetu?

Kwa swali hilo jibu lake ni zuri, lakini lina bei. Seva ya idara moja ya lugha itahitaji umeme ambao haukatiki kila jioni, au mahali pa kukodi. Itahitaji fundi, mwangalizi mwenye saa zake katika ratiba, na fungu katika bajeti ya kila mwaka. Kuliko kuanza kwa shangwe ya ufunguzi na kufunga mwaka wa pili, ni heri vyuo kadhaa vikae kwanza, vipatane nani atatoa nini kila mwezi, na nani atashika funguo yule wa kwanza akiondoka. Wakati huo ukingojwa, kila mwanafunzi anayekusanya maneno ya wazee aweke nakala kwake, katika daftari na katika diski. Wanafunzi wetu walianza upya mwaka uliofuata. Wazee wawili kati ya wale waliowasimulia walikuwa wamekwisha kufariki.